Novemba 4: Vita vya Tanga au kaburi la Tutankhamun?
Ukiandaa ubao wa "Siku kama ya leo" kwa shule ya Tanga, Novemba 4 inakupa matukio mawili mazito.

Mwaka 1914 jeshi la Uingereza, watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishambulia mji likitokea Ras Kasone. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani walioushikilia mji, alikuwa na askari kama 1,000 tu, lakini walijiandaa: manowari ya Waingereza, Fox, ilikwishatoa onyo Novemba 2, na reli ya Usambara ikaleta askari kutoka upande wa Moshi. Nyuki waliochokozwa na risasi waliuma pande zote mbili. Kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao makusudi ni porojo. Kesho yake Waingereza walirudi melini, wakaacha bombomu na mamia ya bunduki. Andika "shambulio kuu", maana vita vilichukua siku kadhaa.

Mwaka 1922, katika Bonde la Wafalme huko Misri, wachimbaji wa mwanaakiolojia Howard Carter walifukua kidato cha juu cha ngazi ya kaburi la Farao Tutankhamun. Wengi hukosea hapa, wakidhani kaburi lilifunguliwa siku hiyo: Carter alichungulia ndani Novemba 26.

Ningechagua la 1914. Ras Kasone wanafunzi wanafika kwa miguu.