Rivyuu: kulala na kuishi ndani ya mashua ya plaiwudi ya mita sita uliyoiunda mwenyewe

Mbio zake na jinsi inavyokata upepo watu wameshaongea sana, mi leo naongelea humo ndani tu, kwenye kabini, maana chombo cha mita sita kila sentimita utailalia, utaikalia au utaigonga na kichwa. Yangu ni plaiwudi na epoksi, chini ni bapa, ina mlingoti mmoja na ule ubao wa kati unaopanda na kushuka, michoro nilinunua na kazi ya kuunda nikaifanya mwenyewe nyumbani. Kwa watu wawili naipa nne kati ya tano. Mkiwa watatu naipa mbili, na hizo mbili nimekuwa mpole.

Kitu cha kwanza wageni wanauliza ni kama unaweza kusimama. Huwezi, na usitake. Chombo kifupi hivi ukikipandishia paa hadi mtu asimame wima, lile paa linashika upepo hata tanga likiwa limekunjwa, mashua inayumba, nanga nayo inavutwa bure. Cha kudai ni KUKAA. Toka juu ya godoro hadi darini upate sentimita 90 na kitu, mrefu apate kama mita moja, mgongo unyooke uegemee. Mvua ikishinda siku nzima na wewe umekaa umejikunja kwa sababu dari iko chini, hiyo mashua utaiuza. Yangu nafasi hiyo ipo pale katikati, ukisogea omo (mbele) dari inashuka unatambaa, sawa tu, huko tunaweka matanga na mabegi.

Vitanda viwili, kimoja kila upande wa kasha la ule ubao wa kati, miguu inaingia chini ya viti vya tezini (nyuma). Urefu mita mbili, mabegani upana kama 60 na miguuni panabana, hapo sina shida kabisa, tena mashua ikilala upande mmoja kitanda chembamba ndo kinakushika vizuri, ukiongeza na kitambaa cha kufunga pembeni usidondoke basi unalala. Shida ni unyevu. Joto na jasho la mwili vinashuka kwenye godoro vinakutana na ubao wa baridi, asubuhi unageuza godoro unakuta chini limelowa na wala hakuna sehemu inayovuja. Michoro yangu ilionyesha kitanda cha ubao mzima, hapo naitoa alama, weka fito zenye nafasi katikati au toboa matundu mengi makubwa hewa ipite, godoro la sponji la sentimita nane linatosha likiwa kavu kuliko nene la kifahari lililoloa.

Na hewa yenyewe, jamani. Watu wawili wakilala mmefunga kila kitu, alfajiri dirisha linatiririka, ni pumzi zenu hizo. Tundu moja halisaidii, yawe mawili, moja omo na jingine karibu na mlango, ndo hewa inatembea. Kwa mvua kuna kile kisanduku kinachoachia hewa iingie ila maji yanabaki nje, kilichoanzia kwenye yoti Dorade iliyobuniwa na Olin Stephens, iliyoshushwa majini 1930, mpaka leo sijaona cha kukishinda na unakiunda kwa vipande vya plaiwudi vilivyobaki.

Jiko langu ni la spiriti, la moto mmoja, liko mlangoni kabisa ili mvuke utoke. Gesi inapika haraka sikatai, ila ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inakaa huko chini kwenye ngama (sakafuni kabisa mwa chombo) ikisubiri kiberiti, na kwenye kabini ya ukubwa huu sitaki huo wasiwasi. Spiriti nayo mchana moto wake hauonekani vizuri kwa hiyo usijaze jiko likiwa bado la moto. Jiko lolote lile acha mlango wazi na usilitumie kupasha joto ukiwa umelala, monoksidi ya kaboni haina harufu.

Choo ni ndoo yenye mfuniko. Mwenzako anatoka nje kuangalia mandhari. Tusonge mbele.

Kelele ndo iliyonishangaza. Chini bapa na kona kali maana yake mkiwa nangani vile viwimbi vidogo vinapiga omo pwa! pwa! usiku kucha, ukigeuka ukaweka kichwa upande wa tezi unapata nafuu, na kamba za tanga zifungwe mbali na mlingoti la sivyo zinagonga hadi kuche. Ila hicho kibapa hichohicho maji yakipwa kinakaa wima mchangani, hamna kulala kiubavu kama vyombo vya mkuku mrefu (ule uti wa chini unaozama majini), unapika na kulala kama uko nyumbani. Angalia tu mawe kabla maji hayajaondoka, na changarawe zinaweza kuingia kwenye mfereji wa ubao ukagoma kushuka.

Kitu kilichobadilisha maisha kuliko vyote sio cha ndani, ni hema linalofunikwa juu ya tezi. Unapata chumba cha pili, nguo mbichi zinabaki huko, mmoja anapika mwingine anasoma. Nani kasema starehe inataka chombo kikubwa, Rory McDougall kazunguka dunia miaka ya 1990 na Tiki 21, chombo cha mitumbwi miwili pacha kilichobuniwa na James Wharram, mita sita na ushee, na humo kila mtu analala kwenye mtumbwi wake, sitaha katikati ndo sebule.

Taa za LED, sola ndogo na betri moja vinatosha, sina la kuongeza. Maji ya kunywa hesabu lita mbili hadi tatu kwa mtu kwa siku, kwenye madumu madogo, yakae chini katikati.

Huyo wa tatu sasa. Michoro inasema kuna kitanda chake, ukweli ni vipande vya ubao unavyolaza juu ya nafasi ya kuweka miguu, akishalala hapo ndoo haifikiki, jiko halifikiki, na mwenye haja usiku anaamsha chombo kizima. Akija wa tatu mimi namlaza nje chini ya hema, na mpaka sasa hakuna aliyelalamika.