Kusukuma theluji ya nyumbani kwa Toyota Tacoma na plau dogo: uzoefu wangu

Nianze na jibu, kwa sababu wengi wanaoniuliza wanataka hilo kwanza: ndiyo, pikapu ya ukubwa wa kati inatosha kusafisha njia ya gari ya nyumbani, hata huku kwetu nje kidogo ya Duluth, Minnesota. Inatosha kwa masharti, na anayeyapuuza ataua springi za mbele na gia-boksi kabla hajafaidi plau lake.

Gari langu ni Tacoma ya 2019, injini ya V6 lita 3.5, gia otomatiki, fo-wili. Plau, yaani bamba la kusukuma theluji linalofungwa mbele ya gari, ni la chuma, upana wake mita mbili na ushee, uzito karibu kilo 150. Linanyanyuliwa na pampu ndogo ya haidroliki inayotumia umeme wa betri ya gari, na ukiwa kwenye usukani unaligeuza kulia au kushoto kwa kidude cha mkononi. Pamoja na kufungiwa, lilinigharimu zaidi ya dola 4,000. Njia yangu ni ya kokoto, urefu kama mita 60 kutoka barabarani hadi mlangoni, upana wa kupita gari moja kwa nafasi.

Mtu aliyekulia Arusha au Kisumu anaiona theluji kama pamba. Haya, tupige hesabu. Theluji ya sentimita 30, ikiwa ya kawaida tu, ikiyeyuka inatoa kama milimita 30 za maji, yaani kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Njia yangu ina mita za mraba 240. Hizo ni tani saba na zaidi, na gari lenyewe lina tani mbili hivi. Ndiyo maana nasema kazi hii haihitaji nguvu nyingi ya injini. Inahitaji uisukume theluji ikiwa bado kidogo.

Huku hainyeshi kwa huruma. Msimu wa 2022–23 Duluth ilipata inchi 140.1, yaani zaidi ya mita tatu na nusu, na ndiyo rekodi ya mji huu. Katikati ya Desemba 2022 ilianguka theluji yenye maji mengi, nzito, ikavunja miti na kukata umeme kaskazini yote hii. Usiku ule nilitoka kila ilipofika sentimita 10 au 12, nikasukuma, nikarudi ndani. Jirani yangu mwenye pikapu kubwa kuliko yangu alisubiri iishe kuanguka, na asubuhi gari lake likakwama katikati ya njia, plau limebeba mzigo lisioweza kuusogeza. Sijawahi kuona somo lililo wazi kama lile.

Sasa pua ya gari, ambayo kwangu ndiyo habari yenyewe. Watu huuliza nguvu za farasi. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kilicho kwenye nguzo, utafute uzito wa mwisho unaoruhusiwa kwa ekseli ya mbele. Plau linaning'inia mbele ya magurudumu, kwa hiyo likiinuliwa ekseli hiyo inabebeshwa zaidi ya uzito wa plau lenyewe, na ekseli ya nyuma inapunguziwa. Nilipima uwazi kati ya tairi na ukingo wa bodi kabla ya kufunga plau na baada yake: pua ilishuka karibu sentimita nne. Nikaweka mipira ya kusaidia springi upande wa mbele, na nyuma kabisa ya bodi, karibu na mlango wake wa nyuma, nikafunga viroba vya mchanga kwa mikanda isiyolegea. Pua ikarudi juu nusu ya kiasi kile. Viroba vina kazi ya pili, maana vinayapa matairi ya nyuma mshiko, na bila mshiko hata fo-wili inazungusha hewa. Lakini hesabu uzito wote: viroba, plau, wewe na abiria. Pikapu ya aina hii inaruhusiwa kubeba kilo mia nne na kitu au mia tano tu, kutegemea toleo.

Kuendesha ni kazi ya utulivu. Theluji nyepesi natumia fo-wili ya kawaida. Ikiwa nzito naingiza ile ya nguvu, ya mwendo mdogo, na sivuki maili 10 kwa saa. Naanza na msitari wa katikati, plau limegeuzwa upande, kisha napanua kulia na kushoto. Ninapokaribia mwisho wa kusukuma naachia mafuta, naliinua plau taratibu ili theluji ipande juu ya rundo, nasimama kabisa, ndipo nabadilisha gia kurudi nyuma. Kusimama kabisa! Kutupa gia kwenda nyuma huku gari bado linasonga mbele ndiko kunakochemsha mafuta ya gia-boksi, na gia-boksi ya Tacoma haikuundwa kwa adhabu hiyo usiku kucha.

Theluji ya kwanza ya msimu isukume mbali kuliko unavyodhani inahitajika. Rundo la Novemba huganda likawa ukuta, na kufikia Februari njia imebanwa hadi mlango wa gari haufunguki vizuri. Mimi huchomeka vijiti vyenye rangi kando ya njia mwezi Oktoba, ardhi ikiwa bado laini, maana ikishaganda hata nyundo haisaidii.

Walio na njia ya kokoto kama mimi, zingatieni viatu vya plau, yale mabamba madogo ya chuma yanayoliinua kidogo kutoka ardhini. Kabla ardhi haijaganda nayashusha, kiasi cha vidole viwili, la sivyo unahamishia kokoto zote kwenye nyasi. Ardhi ikiganda nayapandisha. Na plau likigonga jiwe, springi zake zinaliacha lilale mbele kisha lirudi lenyewe. Mara ya kwanza kishindo kile kinatisha, lakini ndivyo lilivyoundwa, na ndicho kinachookoa chesesi.

Sehemu ngumu kuliko zote iko mwisho wa njia, pale gari linalosafisha theluji ya barabara linapopita na kukuachia tuta. Theluji ya tuta hilo imeshindiliwa, ina chumvi na mabonge ya barafu. Usiivamie uso kwa uso. Naimega kwa pembe, kipande kwa kipande, naivuta mkono wa kulia. Na sheria ya Minnesota hairuhusu kusukuma theluji ya nyumbani kwako barabarani au kuivusha upande wa pili, hata kama jirani zako wanafanya hivyo. Donge moja lililoachwa kwenye lami usiku linaweza kumtoa mtu barabarani.

Kasoro nazo zipo. Plau langu linashuka kwa uzito wake tu, halina mgandamizo wa kwenda chini, kwa hiyo kukokota theluji kurudi nyuma kutoka mlango wa gereji kunabakiza tabaka, na tabaka hilo namalizia kwa koleo. Baridi ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri, pampu inanyanyua kwa uvivu, hasa betri ikiwa imezeeka. Niliweka betri kubwa zaidi na hali ikawa afadhali. Kilichoniudhi kweli ni plagi za umeme za mbele. Chumvi ya barabara ilizila msimu wa kwanza tu, plau likagoma kupanda nikiwa nje saa kumi usiku, na fundi aliyenifungia hakuwa amezipaka grisi ya kuzuia kutu. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na mteja aliyelipa pesa nzima anastahili kufanyiwa. Zipakeni wenyewe, na plau likiondolewa zifunikeni.

Ukisafiri na plau barabarani, hata kilomita chache, liinue kiasi cha kutogusa lami tu. Likiwa juu sana linaziba taa na kuinyima rejeta hewa, injini inapanda joto hata kwenye baridi kali.

Kwa nini sikumlipa mtu aje na gari lake? Nililipa, miaka miwili. Alikuwa mtu mwema, lakini ana wateja wengi, na zamu yangu hospitalini inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Wauguzi na wahudumu wa wazee wenzangu mnajua: mgonjwa hasubiri theluji isukumwe. Uhuru huo peke yake umenilipa gharama. Mashine ya kurusha theluji ni nzuri pia, na kwa njia fupi ya saruji, kama nyumba nyingi za Minneapolis na vitongoji vyake, ningekushauri hiyo, si plau. Vilevile msimu wa 2023–24 theluji ilikuwa haba mno Minnesota nzima, plau likakaa gereji karibu muda wote. Asiye na njia ndefu angejuta kwa haki.

Na tafadhali usichukue kazi za watu kwa pikapu hii. Nasafisha kwangu na kwa bibi jirani anayeishi peke yake, basi. Viwanja vya maduka na makanisa ni vya pikapu kubwa kama Ford F-250 na wenzake, magari yanayoweza kuagizwa kiwandani yakiwa na springi za plau tayari.

Baada ya misimu hii yote gia-boksi ni nzima, mafuta yake nayabadilisha kila theluji ikiisha. Shokomzoba za mbele zimechoka mapema kuliko zingechoka bila plau, nimeshaagiza mpya. Kwa njia ya mita 60, ningenunua tena plau lilelile, ukubwa uleule.