Mabegi ya baiskeli kwa safari ndefu: angalia mikanda kabla ya lita

Wadau wa baiskeli, naona wengi wanaojiandaa na safari ndefu swali lao la kwanza ni begi la lita ngapi, mi naona hilo ni swali la tatu au la nne huko. Nimetumia seti ya mabegi matatu kwa muda mrefu sasa, lile la kuviringisha linalofungwa kwenye usukani, lile la pembetatu linalokaa katikati ya fremu, na lile refu linaloning'inia nyuma chini ya siti, nimepita nayo lami, changarawe, vumbi, matope na mvua za kutosha. Kampuni siitaji maana muundo huu karibu kila mtengenezaji anao na shida nitakazosema utazikuta kwa wengine pia. Alama zangu: la katikati 9 kwa 10, la usukani 7, la nyuma 4 na hizo 4 ni za huruma.

Nianze na la nyuma maana ndo lililonichosha. Limeandikwa lita 16 na kweli zinaingia, ila ujue lote limeshikwa na mikanda miwili ya velkro kwenye mlingoti wa siti na mingine miwili inayopita kwenye vile vyuma vya chini ya siti, basi, huko mwishoni hakuna kitu kinacholibeba. Ukiwa umekaa unakanyaga taratibu halina neno, ngoja sasa ukutane na mlima usimame kwenye pedali, mkia unaanza kucheza kushoto kulia kushoto kulia na we unavutwa nao, na kila linavyocheza mikanda inalegea, na kila mikanda inavyolegea linacheza zaidi, mpaka ushuke ukaze upya. Kuna namna ya kupunguza, vitu vizito unavisukuma ndani kabisa upande wa mlingoti, nguo nyepesi zinakaa mwishoni, halafu unatoa hewa yote kabla ya kufunga. Inasaidia lakini haiponi.

La pili kuhusu hilo begi, wafupi tusikilizane. Fremu ndogo maana yake siti iko karibu na tairi, na begi likijaa linashuka, ukipita shimo linagusa tairi na tairi linakula kitambaa hata kama ni kile kigumu cha kuhimili msuguano. Pima kwanza nafasi kati ya siti na tairi ukiwa umeshapandisha siti kwenye urefu wako, na kama baiskeli yako ina shoku ya nyuma pima ikiwa imebonyea. Mlingoti wa siti wa kupanda na kushuka kwa kitufe nao usahau, velkro inakaa palepale unapotakiwa kuteleza. Na ukitaka kitu kimoja tu cha ndani kabisa, mfano koti mvua imeanza, unafungua lote unamwaga yote barabarani, aisee.

Nilichofanya ni kurudi kwenye keria. Najua kuna watu wakisikia keria wanaona uzee, wao baikipakingi, yaani safari za baiskeli na mzigo, lazima iwe ya kuning'iniza, lakini keria nyepesi ya alumini inaongeza kama nusu kilo mpaka kilo moja hivi, na ukiweka mabegi madogo ya pembeni, sio yale makubwa ya lita 20 kila moja, mzigo unashuka chini, hauchezi, na koti unalichukua bila kugusa kitu kingine. Kwenye njia nyembamba zenye mawe makali hapo la kuning'inia bado linashinda kwa sababu mabegi ya pembeni yanakwaruza na kugonga vitu. Ila mwambie ukweli mtu anayepita zaidi lami na barabara za vumbi, hana sababu ya kuteseka. Fremu isiyo na tundu za keria sio mwisho, zipo keria zinazofungwa kwa vibano kwenye mlingoti na kwenye ekseli ya tairi la nyuma.

Sasa la katikati, hili ndo begi. Mzigo unakaa kati ya matairi mawili, chini, karibu na krenki, kwahiyo ukiweka vifaa, tyubu, pawabenki, jiko na chakula, vyote vile vizito, baiskeli inageuka kama vile haina kitu. Kama pesa yako inatosha begi moja tu nunua hili. Ubaya wake limechukua nafasi za chupa za maji, na maji ndo mzigo mzito kuliko yote, lita moja kilo moja hakuna ujanja. Mi chupa nimehamishia kwenye foku ya mbele, zile tundu tatu za bolti kila upande, unafunga kikapu unakaza chupa kwa mkanda. Soma kikomo cha uzito cha foku na cha kikapu chenyewe, vikapu vingi vya namna hiyo vinaishia kilo 3 kila upande na zingine chini ya hapo, na bolti zikague kila asubuhi maana zinalegea kwa mtikisiko.

Kabla hujanunua la katikati chukua boksi, likate kwa umbo la ndani ya fremu yako, lijaribishe, usiamini S M L za makampuni. Na usilijaze mpaka livimbe, likivimba magoti yanasugua, mwanzoni unaona kawaida tu ila mpaka jioni ngozi imeshachubuka.

Halafu zipu. Zipu za kuzuia maji zinavutika kwa shida hata zikiwa mpya, vumbi likiingia ndo kabisa, na begi likijazwa kupita kiasi meno yanaachana. Zangu nazisafisha kwa mswaki na maji, navuta kwa mikono miwili, mmoja unabana kitambaa kwanza, hazijaachia. Kuhusu mvua, usidanganywe na kitambaa. Kitambaa chenyewe kinaweza kuwa hakipitishi tone ila kama begi limeshonwa kwa uzi maji yanapita kwenye tundu za sindano, yasiyopitisha ni yale yaliyounganishwa kwa joto bila kushona. La kwangu limeshonwa kwahiyo simu na nguo za kulalia ziko ndani ya mfuko mwingine wa plastiki, nalala pakavu.

La usukani ni la vitu vikubwa vyepesi, hema, begi la kulalia, basi. Ukiweka vizito huko usukani unakuwa mzito kugeuza, na kwenye changarawe ndo utajua. Ukiwa na usukani wa kukunja, ule wa baiskeli za mbio, upana kati ya mikunjo ndo unaamua begi liwe refu kiasi gani, na hapo ndo watu wanakwama na nguzo za hema. Tafuta hema ambalo nguzo zake zikikunjwa ni sentimeta 30 hivi, yapo yanayotengenezwa makusudi kwa baiskeli, lile la kawaida la nguzo ndefu litagongana na breki. Mengine ya begi hili ni madogo: linabana waya za gia na breki, weka vipande vya povu kati yake na usukani, na taa ishushe kwenye foku isizibwe.

Turudi kwenye mikanda maana ndo kiini. Mikanda ya nailoni iliyokuja na seti ikilowa inalegea, unakaza asubuhi, saa nne unakaza tena. Nimebadilisha mingi kwa ile ya mpira mgumu wenye matundu, Voile ndo wanajulikana zaidi, ilianza kwa watu wa kuteleza kwenye theluji, inavutika kidogo kwahiyo inabaki imekaza hata njia ikiwa mbovu, na mmoja wa akiba unafunga chochote kuanzia kandambili mpaka keria iliyovunjika. Kila sehemu mkanda unapogusa fremu bandika plastiki ngumu ya kulinda rangi kabla ya safari, vumbi likikaa chini ya mkanda linakuwa msasa, rangi inaisha, na kama mlingoti ni wa kaboni hapo hauliwi rangi tu.

Vitu vingine kwa haraka. Tairi nenda pana kadiri fremu inavyoruhusu, kwa njia mchanganyiko mi sishuki chini ya milimita 45. Ukiwa unatafuta tairi la dharura kumbuka 29 na 700C zote rimu yake ni milimita 622, kinachotofautiana ni upana, kwahiyo angalia namba ndogo zilizoandikwa ubavuni. Zisizo na tyubu nazipenda sana kwa miiba, ila yale maji ya kuziba pancha yanakauka ndani ya miezi michache, na tyubu bado unabeba, pamoja na sindano na uzi mgumu kwa ajili ya tairi lililochanika ubavu.

Gia hapa nina ubishi na wauzaji wengi. Wanakuuzia baiskeli ya safari ambayo gia nyepesi kabisa ni meno 34 mbele na 34 nyuma, yaani krenki ikizunguka mara moja na tairi mara moja. Kwa tairi lenye mzunguko wa mita 2.2 ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika hiyo ni karibu kilometa 7.9 kwa saa, na mlima mkali ukiwa na mzigo huwezi kuishikilia hiyo spidi, utakanyaga polepole kwa nguvu mpaka magoti yalie. Meno 30 mbele na 42 nyuma kwa kanyaga ileile inakupa kama 5.7, unapanda ukiwa umekaa, hupumui kama umefukuzwa, na kwa wale wa begi la kuning'inia ndo afadhali zaidi maana hamtasimama.

Dainamo ya kwenye habu ya mbele, ile inayozalisha umeme tairi likizunguka, watu wanaisifia sana. Ni nzuri, taa haiishiwi chaji, ila kuchaji inatoa wati 3 hivi ukiwa kwenye spidi ya kilometa 15 kwa saa, kwenye mlima ni kama hakuna. Pawabenki ya mAh 10,000 ina wati-saa 37, ukipata wati 2.5 za kweli hiyo ni kama masaa 15 ya kukanyaga kuijaza. Kama kila siku mbili tatu unalala penye soketi beba pawabenki mbili uachane na dainamo, pesa hiyo weka kwenye gia.

Na kabla hujalipia seti yoyote muulize muuzaji kama mikanda na vifungo vya plastiki vinauzwa peke yake. Kwa seti yangu vya begi la katikati vinapatikana, vya la nyuma niliambiwa ninunue begi zima, nikaishia kwa fundi wa kushona mabegi akaweka mkanda mpana zaidi na kifungo cha chuma, na huo haujalegea mpaka leo.