ODMAP kwa macho ya Dodoma

ODMAP ni mfumo wa Marekani unaoweka kwenye ramani matukio ya watu wanaoshukiwa kuzidisha dozi ya dawa za kulevya, hasa opioidi, yaani heroini, fentanili na ndugu zake. Ulianzishwa Januari 2017 na Washington/Baltimore HIDTA, mpango wa serikali wa kupambana na dawa za kulevya katika eneo hilo, na taasisi za serikali huko huutumia bure. Kwa wanaouliza kama ungefaa Dodoma: fomu yake ichukuliwe kesho, ramani isubiri.

Fomu ndiyo uzuri wenyewe. Mhudumu wa gari la wagonjwa anajaza kwenye simu mambo manne: saa, mahali, mtu yu hai au amekufa, na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha opioidi, imetumika dozi ngapi. Basi. Jina halihitajiki, umri, jinsia na dawa inayoshukiwa ni nyongeza. Aliyewahi kujaza rejista za MTUHA, zile za taarifa za vituo vya afya, kwenye zamu ya usiku anajua thamani ya fomu fupi.

Matukio yakifikia kizingiti, yaani idadi iliyopangwa, ndani ya saa 24, barua pepe ya tahadhari inatoka, na wilaya ya jirani inaweza kuipata pia. Kupanga kizingiti ndiko kunakowashinda wengi. Mahali penye tukio moja kwa wiki, ukiweka 5 kengele haitalia hata siku ya maafa. Ukiweka 1, baada ya mwezi hakuna atakayefungua hizo barua. Pangeni 2.

Ramani ina kasoro ya kukera. Tuseme mtu kaanguka kijiweni jirani na Sabasaba, na taarifa ikajazwa gari likiwa limeshafika hospitali: simu inaokota mahali ilipo yenyewe. Mwisho wa mwezi nukta zimerundikana juu ya jengo la dharura, Sabasaba inaonekana shwari. Ijazwe palepale, au iandikwe anwani ya makazi ya mlango wa karibu.

Neno "yu hai" nalo linadanganya. Naloksoni huisha nguvu kwa dakika 30 hadi 90, methadoni, opioidi inayotumika pia kutibu uraibu wa heroini, hudumu mwilini zaidi ya siku nzima. Aliyezinduka saa nne asubuhi akaruhusiwa saa tano anaweza kuacha kupumua tena mchana, na kwenye ramani bado ni nukta ya aliyepona. Taarifa hiyo ihakikiwe tena baada ya saa 24.

Halafu mfumo unamwona tu aliyeitiwa msaada. Kwetu mgonjwa hubebwa kwa bajaji, kwa hiyo hesabu ingeanzia mlango wa dharura. Na kwa kuwa polisi nao huisoma ramani hii, watu wa maskani wakihisi kupiga simu ni kuita difenda, hawatapiga. Kwa ramani tunatoa nyota mbili, kwa fomu tano.

Taarifa yenye faida kubwa zaidi tunayo tayari, nayo haihitaji ramani. Kliniki za methadoni, zilizoanza Muhimbili 2011 na kwa hapa zipo Itega, humnywesha mteja dozi yake kila siku mbele ya mhudumu na kuiandika. Kufikia mchana rejista inajua nani hajaja. Akikosa siku tatu mfululizo ustahimilivu wa mwili unaanza kushuka: akirudia kipimo chake cha zamani cha unga kinaweza kumuua, na akirudi kliniki asipewe dozi yake ya zamani kabla ya kupimwa upya. Simu ya kumtafuta ipigwe siku ya pili, ya tatu ni kuchelewa.

Hatari hiyo hiyo inawakuta wanaotoka gerezani. Jimbo la Massachusetts, Marekani, liliunganisha kumbukumbu za idara zake, na ripoti ya 2017 ikaonyesha wanaoachiwa huko hufa kwa opioidi kwa kiwango mara 120 ya watu wazima wengine. Kwa gereza letu la Isanga ingetosha orodha ya tarehe za kuachiwa, ifike kliniki wiki moja kabla, kwa ridhaa ya mhusika, na isipite kituo cha polisi.