Duka la nondo Mbuyuni: mi nawapa nyota nne, fundi wangu kawapa sifuri

Haya wana Moshi, mnaojenga na mnaotarajia kujenga, hii riviu ni ndefu kidogo mnivumilie. Hili duka la hadwea lipo maeneo ya Mbuyuni, jina sitaji maana mama mwenye duka kasema hataki kutangazwa, ila ukifika ulizia lenye mizani ya kuning'inia pale mlangoni, hupotei.

Mi ni katibu wa kamati ya ujenzi ya mtaa wetu wa kanisa, KKKT (kanisa la Kilutheri), huku Old Moshi, tunajenga nyumba ya mwinjilisti. Hela yenyewe mnaijua inavyopatikana, ndizi na mayai na kuku vinapigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada, bibi analeta maziwa yake halafu anayanunua mwenyewe tena kwa bei ya juu ili mradi mfuko ujae. Ukikabidhiwa hela ya namna hiyo ukashuka nayo mjini, aisee hiyo hela ina macho.

Tulikuwa tunahitaji nondo za mm 12 na mm 10, saruji na bati geji 28. Nianze na nondo maana hapo ndo penyewe. Kila anayejenga anajua sokoni kuna nondo za jina, imeandikwa 12 lakini ukiipima haifiki, na kwa macho huwezi kujua. Huyu mama kabandika karatasi ukutani, nondo ya futi 40 (mita 12) ya mm 10 iwe na kilo 7.4, ya mm 12 kilo 10.6 hivi, ya mm 16 karibu kilo 19, kisha unaning'iniza yako unajisomea. Tukaokota moja kwenye rundo la pembeni ikasoma kilo 9, yaani hiyo ni kama mm 11, na usidhani milimita moja ni kitu kidogo, hapo chuma kimepungua asilimia 16 hivi, na wewe unaenda kuimwagia zege kwenye lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) ukiamini una 12. Nikamuuliza mama mbona unazo? Akasema hizo kauziwa na yeye, hawezi kuzitupa, anaziuza kwa kilo na anamwambia kila mtu ni pungufu, anayejengea banda la kuku achukue. Na kweli rundo lina kibao kimeandikwa kwa chaki PUNGUFU. Mi sijawahi kuona duka linaandika hivo kwenye mali yake lenyewe.

Amosi sura ya 8 inawasema wafanyabiashara waliokuwa wanasubiri sabato iishe haraka wafungue maduka, wapunguze kipimo, waongeze bei na wachezee mizani. Wale walikuwa wanaheshimu sabato jamani, dukani hawafungui! Shida yao ilianza siku ya kazi. Nimeiwaza sana hiyo maana mji wetu jumapili unajaa suti na Biblia, jumatatu kila mtu na kipimo chake.

Sasa kuhusu fundi. Fundi wetu ni mtu mzuri, mwanakwaya, lakini tulipofika kwenye kulipa akamsogelea mama kwa sauti ya chini, "Mama, hapo kwenye risiti tuwekee cha juu kidogo, ya soda." Mama wala hakukasirika, akamjibu "Baba, soda nakununulia mimi sasa hivi, risiti inabaki hiyo hiyo," akamtuma kijana akaleta kweli soda mbili za baridi. Fundi akanywa, ila alininunia mimi mpaka tunapita Kiboriloni, eti kwa nini nimempeleka duka la walokole. Ndo maana nasema kawapa sifuri. Na sisi Walutheri tunavojisifia Luther kusimama mjini Worms, Ujerumani, mwaka 1521 mbele ya mfalme mzima akasema dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu, halafu mbele ya kaunta tu ya hadwea tunalegea kwa hela ya soda.

Kitu kingine, hapa hakuna bei ya risiti na bei ya bila risiti. Bei ni moja na risiti ya mashine inatoka hata kama umenunua misumari ya kilo moja. Kuna jamaa nyuma yangu alibisha sana, TRA (mamlaka ya kodi) wanakula tu hela zetu, mama akamjibu kwa Warumi 13, kwamba Paulo anasema utii si kwa kuogopa adhabu tu bali kwa ajili ya dhamiri, na mstari unaofuata ndo kodi. Jamaa akaondoka bila kununua. Nilimwona mama akimwangalia anavyotoka, ilimuuma, biashara ni biashara.

Hapo ndo pananifanya niliamini hili duka. Uaminifu wake unamgharimu na mtu anauona. Matendo 24 Paulo yupo mbele ya liwali Feliki anajitetea kwamba anajitahidi siku zote awe na dhamiri safi mbele za Mungu na watu, na huyo huyo Feliki akawa anamwita mara kwa mara akitegemea apewe chochote. Paulo hakutoa, akakaa ndani miaka 2. Watu wanahubiri dhamiri safi kama vile inaleta usingizi mzuri na wateja wengi, mi sioni hivo, mara nyingi inaleta wateja wachache na fundi aliyenuna.

Nilimsifia mama akanikatisha. Akanionesha stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani, akasema hata hii mizani naiamini lakini kila mwaka inakuja kupimwa na mwingine, na moyo wangu ni hivo hivo, naweza kujiona niko sawa kumbe imeshalegea. Nikakumbuka 1 Wakorintho 4, Paulo anasema hajui kosa lolote lake, lakini hilo halimpi haki, anayemhukumu ni Bwana. Siku chache baadae akapiga simu kwamba kijana wake alitutoza zaidi kwenye kofia za bati, hela ikarudi kwa simu siku ile ile, sisi wala hatukuwa tumeona.

Kwa nini sio nyota tano? Kwanza bei iko juu kidogo ukilinganisha na maduka ya jirani, ingawa ukipiga kwa kilo inakuja sawa. Pili foleni, kila nondo inapimwa na kijana wa mizani hana haraka na dunia. Tatu usafiri hawana, utatafuta kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) mwenyewe na wale wa pale nje wanapiga bei wakiona nondo. Na kwaya kwenye spika ni kubwa mno, unapiga hesabu kwa kupayuka.

Nendeni asubuhi kabla ya saa tatu, jumapili wamefunga. Rangi na vifaa vya umeme hawana.