TV ya 4K na HDR kwa sebule ya Kisumu: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ukipita Oginga Odinga Street, TV nyingi dukani zina vibandiko viwili, 4K na HDR. Cha kwanza karibu kila mara kina ukweli wake. Cha pili, kinachoahidi mwanga mkali zaidi na giza lenye maelezo zaidi katika picha, ndicho kinachowapotezea watu pesa, na kwa sababu hiyo nimezipanga TV hapa kwa mwanga ambao kioo kinaweza kutoa na weusi ambao kinaweza kuutunza, pamoja na bei na matumizi ya nyumbani. Pikseli, yaani nukta zinazounda picha, nitazigusa tu.

4K ya TV ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani milioni nane na ushei, mara nne ya Full HD. Ila jicho lina kikomo chake. TV ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 54 hivi, na ukiketi mbali kuliko mara tatu ya kimo hicho, kama mita 1.6, pikseli za ziada zinaanza kupotea machoni. Pima kutoka kochi lako hadi ukutani. Ikiwa ni mita tatu, nenda inchi 55 au zaidi: hata hapo sehemu ya pikseli hizo itapotea, ila si nyingi kama kwa inchi 43.

HDR haihitaji ukaribu, huonekana kutoka popote ulipoketi. Video ya kawaida hutayarishwa kwa mwanga wa niti 100, niti ikiwa kipimo cha ung'avu wa kioo. Filamu nyingi za HDR hutayarishwa kufikia niti 1000 au zaidi, na rangi zake hubebwa kwa biti 10: kila rangi ya msingi ina ngazi 1024 badala ya 256. Picha ya jua likizama kwenye ufuo wa Dunga hapo inabaki na mawingu yake yote, hayageuki doa jeupe, na mvuvi aliye kivulini anaonekana uso. TV ya bei ya chini yenye niti 250 inaipokea video hiyohiyo, kisha inaibana iingie katika uwezo wake mdogo. Mara nyingi picha inatoka na giza kuliko ile ya kawaida. TV imeisoma HDR kama kibandiko kinavyosema, ila haina nguvu ya kuionyesha.

Nafasi ya kwanza: Mini LED, inchi 55 au 65

Nyuma ya kioo kuna taa ndogondogo nyingi zilizogawanywa kwa kanda, na kila kanda inajipunguza au kujiongeza mwanga peke yake. Mwezi unawaka, anga linalouzunguka linabaki jeusi. TCL walianza kuuza TV za aina hii mwaka 2019, Hisense na Samsung nao wanazo, na bei imeshuka kiasi cha kuifanya iwe chaguo la familia inayojipanga. Kwetu ina faida moja kubwa. Kisumu iko karibu sana na ikweta, madirisha hukaa wazi kwa ajili ya upepo wa ziwa, na mechi ya saa tisa alasiri inatazamwa mwanga ukiwa umejaa sebuleni. Kioo chenye niti 1000 kinastahimili mwanga huo. Muulize muuzaji TV ina kanda ngapi za mwanga. Asipojua, tafuta namba ya modeli kwenye simu yako ukiwa hapohapo dukani. Kanda zikiwa chache, maandishi meupe kwenye giza yatazungukwa na ukungu wa mwanga, na usiku hilo linakera.

Ya pili: 4K ya LED yenye paneli ya VA

Hii ndiyo ninayowashauri wengi wenye bajeti ya kawaida. VA na IPS ni aina mbili za kioo cha TV za LED. Usitarajie HDR ya maana, ila paneli ya VA ina weusi mzuri, mara kadhaa kuliko ule wa paneli ya IPS, na filamu za usiku zinatazamika. IPS inashinda pale tu viti vimetapakaa na watu wanatazama kutoka pembeni. Ukiona neno QLED, jua kwamba ni tabaka linaloboresha rangi, na taa za nyuma bado ni LED. Halina undugu na OLED. Ongeza pesa kwa QLED kama tofauti ni ndogo, usijinyime kwa ajili yake.

Ya tatu: OLED

Kwa picha tupu, hakuna inayoifikia usiku. Kila pikseli inajiwasha na kujizima, kwa hiyo cheusi ni cheusi kabisa. Naiweka ya tatu kwa sababu ya bei, kwa sababu mchana wa sebule yenye madirisha mapana unaipunguzia makali, na kwa sababu nembo ya chaneli ya habari ikikaa siku nzima, mwezi baada ya mwezi, inaweza kuacha alama isiyotoka. Ukiuziwa ya mtumba kutoka Uingereza, fungua picha nyekundu tupu, kisha ya kijivu tupu, ijaze kioo chote. Alama zozote zitajitokeza.

Suala la Dolby Vision na HDR10+, aina mbili za HDR zilizoboreshwa, lisikunyime usingizi. TV zote za HDR husoma HDR10, ile ya msingi. LG na Sony wana Dolby Vision, Samsung hawana, wanatumia HDR10+. Ung'avu wa kioo una uzito kuliko nembo hizo.

Ya nne: Full HD ya kampuni inayojulikana

Kama nyumbani ni antena au king'amuzi tu, chukua hii bila kuona haya. Chaneli zetu za bure hazirushwi kwa 4K. Pesa inayobaki nunua spika, kwa kuwa TV nyembamba zina sauti duni.

Ya mwisho: 4K ya jina lisilojulikana

Ikae hukohuko dukani. Nyingi zina Android tupu isiyo na kibali cha Netflix, kwa hiyo hata kama programu itafunguka, picha inaweza kuzuiwa isifike 4K. Kabla ya kulipa, iunganishe na intaneti ya simu yako na ufungue Netflix kwenye TV yenyewe. 8K nayo iache, karibu hakuna cha kutazama humo.

Sasa gharama zinazosahaulika. Netflix wanapendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K, tena kwa kifurushi chao cha Premium, na saa moja inaweza kula hadi gigabaiti 7. Hiyo ni kazi ya faiba. Bando za simu zitakumaliza. Pili ni radi. Magharibi nzima, kuanzia Kisii hadi Kakamega, ngurumo za jioni si jambo la kuchezea. Nunua kifaa cha kulinda TV dhidi ya stima inayopanda na kushuka, na mvua ikianza kunguruma chomoa plagi pamoja na waya wa antena, maana radi hupitia huko pia.

Siku ya kununua, nenda na flashi yenye video ya HDR yenye matukio ya usiku. Mwombe muuzaji atoe hali ya picha ya dukani, ile inayokoleza kila kitu, aweke ya filamu. Alama ya HDR itokee kwenye kioo video ikianza. Tazama sehemu za giza za picha: je, unaona nguo na nywele, au kila kitu ni kijivu? Kisha TV unayobeba, iliyo ndani ya boksi, ifunguliwe na kuwashwa mbele yako, na namba yake ya utambulisho (serial number) iandikwe kwenye risiti ya waranti kabla hujaipandisha kwenye tuktuk.