Teotihuacan alfajiri: uzoefu wangu wa ziara ya kuongozwa

Nianze na uamuzi wangu, maelezo yafuate. Ziara ya alfajiri ya kwenda Teotihuacan inastahili pesa yake, mradi umepata mwongoza watalii anayeijua kazi. Piramidi utaziona hata ukifika saa sita mchana ukiwa peke yako. Mji wenyewe, yaani mahali watu walipoishi, wakapika, wakachonga mawe na kuzika wafu wao, huo hutauona bila mtu wa kukuonyesha, na bila ile saa ya kwanza ya asubuhi kabla uwanja haujajaa.

Kwa asiyepajua, Teotihuacan iko kama kilomita 50 kaskazini mashariki mwa Mexico City. Mji ulianza kukua miaka 2,000 hivi iliyopita, na katika enzi zake ulikuwa na wakazi zaidi ya 100,000 katika eneo la kama kilomita 20 za mraba. Wengi hudhani ni kazi ya Waazteki. Sivyo. Waazteki walipokuja kulitawala bonde lile, mji ulikuwa umebaki magofu kwa karne nyingi, nao wakawa wanakwenda pale kuhiji. Lugha waliyosema wajenzi wake bado inabishaniwa mpaka leo.

Nilikwenda na shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa Nakuru, aliyekuwa amekuja kunitembelea Houston. Jambo la manufaa kwa Wakenya na Watanzania: mwenye visa halali ya Marekani aliruhusiwa kuingia Mexico kutalii bila kuomba visa nyingine, na hiyo ndiyo njia aliyotumia shangazi. Thibitisha na ubalozi kabla ya kukata tiketi.

Gari lilitufuata hotelini saa kumi na moja na nusu. Tulikuwa kikundi kidogo, gari lenyewe la kubeba watu wachache, na hilo nalisifu, maana katika basi kubwa mtu wa mwisho hasikii kitu. Vaa koti. Uwanda ule uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi, na baridi yake ya asubuhi ni ya kuuma vidole. Kufika saa nne jua linawaka hasa, na njiani kivuli hakuna, kwa hiyo kofia na maji pia ni lazima.

Tulifika kabla ya lango kufunguliwa. Dereva akaegesha pembeni ya barabara tutazame maputo ya hewa moto yakipaa juu ya mashamba. Aliyewahi kuyaona kule Maasai Mara anajua yanavyopendeza. Lango likafunguliwa saa mbili, tukawa miongoni mwa wa kwanza kuingia kwa Lango la 1, upande wa kusini, ili tutembee kuelekea kaskazini na dereva atusubiri mwisho wa njia. Mpango huo ni mzuri, kwa sababu hurudii hatua zako.

Sasa nimsifu mwongozaji wetu. Alikuwa na kitambulisho cha Wizara ya Utalii kifuani, na nakushauri uulizie hicho kabla ya kulipa. Alipojua shangazi alikuwa mwalimu, akaanza kumwita maestra, yaani mwalimu kwa Kihispania, kwa heshima kabisa, na tangu hapo kila maelezo yalianza pale maestra aliposimama. Kitu cha kwanza alichotuonyesha hakikuwa piramidi. Alitusimamisha mbele ya ukuta mmoja wa kawaida tu, akatuambia tusogee. Katikati ya mawe makubwa, ndani ya chokaa, kulikuwa na vijiwe vidogo vyeusi vimepangwa safu kwa safu. Akasema, pale mtakapoviona vijiwe hivi, jueni ukuta umejengwa upya na mafundi wa siku zetu. Pasipo na vijiwe, hapo ndipo pa asili. Jua lilikuwa bado chini, na kila kijiwe kilikuwa na kivuli chake. Kuanzia hapo tuliusoma uwanja mzima kwa macho yetu. Nilishangaa ni sehemu kubwa kiasi gani ya tunayoiita magofu imesimamishwa upya katika karne ya 20, na nikamheshimu mtu huyo kwa kutuambia ukweli wakati angeweza kutuacha tuamini tupendavyo.

Kutoka hapo tukaingia Ciudadela, uwanja mpana uliozungukwa na kuta, penye hekalu la Nyoka mwenye Manyoya. Kwangu mimi hapo ndipo kiini cha ziara nzima. Watu huharakia Piramidi ya Jua kwa sababu ni kubwa, lakini uchongaji wa kutazamwa uko hapa. Vichwa vya nyoka vinatokeza ukutani, shingoni vimevaa manyoya kama ua lililochanua, na kati yao kuna kombe za baharini zilizochongwa, ingawa bahari iko mbali sana na pale. Upande huo wa hekalu umesalia vizuri kwa sababu wenyeji wenyewe walijenga jukwaa lingine mbele yake baadaye, likaufunika na kuukinga. Ukitazama kwa makini utaona mabaki ya rangi nyekundu. Mji wote ulikuwa umepigwa lipu na kupakwa rangi. Haya mawe ya kijivu tunayoyapiga picha yalikuwa ya ndani tu, hayakukusudiwa kuonekana.

Chini ya hekalu hilo wachimbaji walikuta mifupa ya watu zaidi ya mia moja waliotolewa kafara lilipojengwa, wengi wakiwa wamefungwa mikono nyuma. Mwongozaji hakulipamba jambo hilo wala hakulipitia mbio. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama wanajua hao walikuwa watu wa wapi. Akajibiwa kwamba uchunguzi wa meno na mifupa umeonyesha baadhi yao walikulia mbali na mji. Kisha tukaonyeshwa upande lilipo handaki. Mwaka 2003 mvua kubwa ilifungua shimo mbele ya hekalu, na mwanaakiolojia Sergio Gómez akateremshwa kwa kamba kutazama. Chini kulikuwa na njia yenye urefu wa kama mita 100, iliyozibwa na wenyeji wa kale. Ilichukua miaka kuisafisha. Humo walikuta maelfu ya vitu, kuta zilizopakwa unga wa madini unaometameta kama nyota ukimulikwa, na mwishoni zebaki katika hali yake ya majimaji. Watalii hawaruhusiwi kuingia, nami naona ni sawa.

Njia kuu, inayoitwa Njia ya Wafu, ni ndefu kuliko inavyoonekana pichani, na hili nalisema hasa kwa wanaosafiri na wazee. Kati ya Ciudadela na Piramidi ya Jua kuna kuta zinazoikata njia, na kila ukuta una ngazi za kupanda na kushuka, zenyewe fupi lakini zimesimama wima. Magoti ya shangazi yasingeziweza zote. Mwongozaji alimpitisha kwenye njia tambarare ya pembeni, sisi tukapanda na kushuka, tukakutana mbele. Kampuni inayouza ziara haikututajia ngazi hizo hata kidogo tulipouliza kama mzee ataweza. Hapo nimewakata alama.

Piramidi ya Jua ina kimo cha mita 65 hivi, na kila upande wa kitako chake una zaidi ya mita 220. Haipandwi tangu 2020. Nilisikia watu wakilalamika, lakini kwa kweli ukisimama chini yake unapata muda wa kuwaza jinsi ilivyojengwa: udongo na mawe yaliyobebwa na watu, kwa kuwa mjini mle hamkuwa na punda, ng'ombe wala gari la magurudumu. Mwanaakiolojia Leopoldo Batres aliifukua kati ya 1905 na 1910, ili iwe tayari kwa sherehe za miaka 100 ya uhuru wa Mexico, na kwa haraka hiyo akaondoa mita kadhaa za tabaka la nje. Kwa hiyo umbo tunaloliona leo si lile waliloliacha wajenzi. Ni hasara isiyolipika, na iliniuma kuisikia.

Kaskazini kabisa ndiko iliko Piramidi ya Mwezi. Ni fupi kuliko ya Jua, lakini imejengwa kwenye ardhi iliyoinuka, na nyuma yake kuna mlima wa Cerro Gordo. Unapoikaribia kwa miguu, piramidi inazidi kuukwea mlima mpaka inaufunika wote. Hii haikutokea kwa bahati, wapimaji wao walijua wanafanya nini. Mwaka 2025 ngazi zake zilifunguliwa tena hadi jukwaa la kwanza, nami nikapanda. Ulizia kabla ya kwenda, maana taratibu hubadilika. Kando yake kuna kasri la Quetzalpapálotl, lenye nguzo zilizochongwa ndege, na baadhi ya ndege hao bado wana macho ya jiwe jeusi la kioo. Wengi hulipita wakidhani ni ofisi.

Kufikia saa nne na nusu mabasi makubwa yalikuwa yamemwaga watu. Wachuuzi walianza kupuliza filimbi zinazonguruma kama chui wa kwao, mmoja huku, mwingine kule, na waongozaji wote wakawa wanapaza sauti. Hapo ndipo nilipoelewa tulilipia nini hasa: ule utulivu wa kusikia mtu akieleza bila kupiga kelele.

Sasa dukani. Karibu kila ziara hukupeleka karakana ya mawe, upende usipende, na yetu haikuiandika wazi kwenye ratiba. Maonyesho yenyewe yalikuwa mazuri mno, lazima nikiri. Mama mmoja alikata jani la mpungate lenye utando mweupe, akauparura, akamponda mdudu mdogo kiganjani, ikatoka rangi nyekundu kama damu. Akaongeza ndimu ikawa ya machungwa, akaongeza majivu ikageuka zambarau. Shangazi alishtuka, kwa sababu mpungate anaujua kama balaa. Ulitoka huko Amerika, ukavamia malisho ya Laikipia ukawaumiza mifugo, na mdudu wa jamii hiyohiyo ndiye aliyeletwa Kenya kuumaliza. Alisimulia hayo kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri, na yule mama akaita wenzake waje wasikie. Kisha akavuta mwiba wa ncha ya jani la mmea wa jamii ya mkonge, ukatoka na nyuzi zake, sindano na uzi kwa pamoja. Mkonge wetu nao asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika mwaka 1893.

Halafu jiwe lenyewe, kioo cha volkano. La Teotihuacan lilichimbwa karibu na Pachuca, lina ukijani ukiliinua juani, na visu vyake vilisafirishwa mpaka kwa Wamaya. Jiwe la aina hii tunalo Eburru, juu ya Naivasha, na mababu wa kale walilichonga kwa maelfu ya miaka. Nilitamani Eburru nako kuwe na mtu wa kueleza hivyo.

Lakini baada ya maonyesho tulibakizwa dukani muda mrefu kupita kiasi. Muuzaji alitufuata rafu kwa rafu, na bei zilikuwa juu kuliko za wachuuzi wa nje. Baya zaidi, muda ulioliwa pale ulikuwa wa Tepantitla.

Tepantitla ni nyumba za makazi nyuma ya Piramidi ya Jua, na kwa masikitiko yetu tulipata kuipitia kwa haraka tu. Ukutani kuna michoro ya watu wadogo wanaocheza mpira, wanaoogelea, wanaokimbiza vipepeo, wanaoimba, wengi wakiwa na alama iliyojikunja ya maneno inayowatoka mdomoni. Mji huu ulikuwa na majengo ya namna hii kama 2,000, vyumba vikizunguka ua, familia kadhaa pamoja. Kulikuwa na mtaa wa wageni kutoka Oaxaca, kusini mwa Mexico, waliozika wafu wao kwa desturi za kwao. Na kati ya mwaka 550 na 600 hivi, majumba ya wakubwa kandokando ya njia kuu yalichomwa moto, jambo linalowafanya wataalamu wengi wadhani wenyeji wenyewe ndio walioinuka dhidi ya watawala. Hayo yote mwongozaji alikuwa nayo kichwani, akalazimika kuyasema mbiombio huku dereva akiwasha gari. Ilimkera yeye kuliko sisi.

Kwa hiyo, ukiweka nafasi, uliza mambo haya kwa maandishi: kama kiingilio kimo ndani ya bei, kama duka linaweza kurukwa, na kama Tepantitla imo. Usiende Jumapili, kwa sababu raia na wakazi wa Mexico huingia bure siku hiyo na watu hufurika. Na ukiweza, fanya nitakavyofanya mimi nikirudi: panda gari la alfajiri, tembea na mwongozaji mpaka amalize, mpe bakshishi yake, kisha agana na kikundi kabla ya dukani. Mabasi ya kurudi Terminal del Norte, kituo cha mabasi cha Mexico City, hupita malangoni mchana kutwa, na tiketi ileile ya asubuhi inakuingiza Tepantitla na makumbusho.